Nafsi ya Tatu, Darasani na Barabarani

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya ubao nikifundisha nafsi. Nafsi ya kwanza ni yule anayesema. Nafsi ya pili ni yule anayeambiwa. Nafsi ya tatu ni yule anayetajwa, aghalabu akiwa hayupo. Niliwachora wanafunzi wangu watu watatu ubaoni, wawili wakizungumza karibu karibu, wa tatu akiwa mbali kando ya mti, nao wakacheka kwa jinsi nilivyokuwa sijui kuchora. Sikudhani hata siku moja kwamba somo hilo litanirudia uzeeni, nikiwa nimestaafu, katika bahasha ya kampuni ya bima.

Nimezaliwa Shinyanga, nikasomea ualimu katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, na nikafundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Shinyanga na Kahama, hatimaye Geita. Nilipostaafu nilitulia Katoro, mji wa biashara ulioko magharibi ya Geita mjini, kando ya barabara kuu iendayo Bwanga. Mkoa wenyewe wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, kwa hiyo wengi wetu tuliozoea kuitwa watu wa mkoa fulani tuliamka siku moja tukiwa wa mkoa mwingine bila kuhama nyumba. Katoro huishi kwa soko na kwa dhahabu. Ukitoka mjini kuelekea Lwamgasa au Nyarugusu utakuta maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe, na mialo ambako mawe yaliyosagwa huoshwa. Wanaofanya kazi hizo huitwa wanaapolo. Mwanaapolo hapandi kutoka shimoni saa saba mchana akaja mjini kutafuta ugali. Ugali humfuata aliko.

Hapo ndipo anapoingia mama lishe, na nyuma ya mama lishe huingia kijana wa bodaboda. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wamezoea kumwona mpeleka chakula akiwa na sanduku la mgongoni lenye nembo ya kampuni, akiongozwa na programu ya simu. Kwetu programu ni sauti ya mama lishe akiita kutoka jikoni, na sanduku ni kreti ya soda iliyofungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi, ndani yake hotipoti nne za ugali, dagaa, maharage, na sato siku ambazo mifuko ya wanaapolo imenona. Kazi ni ile ile. Mtu amepika hapa, mtu ana njaa kule, na katikati yao yuko kijana juu ya magurudumu mawili anayekimbizana na chakula kisipoe.

Kijana ninayetaka kuwasimulia habari zake nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Jina lake nalihifadhi. Mama yake anauza chakula karibu na stendi, na ni mmoja wa wanawake wanaojua kuwasalimu watu wa kila umri kwa namna inayowafaa. Mimi hupita asubuhi nikamwambia, "Mwangaluka mayo," naye hujibu, "Mwangaluka baba," kisha hunimiminia uji kabla sijaagiza.

Nilipopata mafao yangu nilinunua pikipiki. Asubuhi niliitumia kwenda shambani, na saa tano nilimkabidhi kijana. Makubaliano yetu hayakuandikwa popote. Angebeba chakula cha mama yake na cha mama lishe wengine wawili hadi machimboni, angelipwa shilingi 1,000 kwa safari ndefu, na jioni angenirudishia pikipiki pamoja na kiasi kidogo cha hesabu. Wakati mwingine mama lishe hakuwa na fedha, akamlipa sahani ya wali. Wote tuliridhika. Niliona nimemsaidia mwanafunzi wangu, na hesabu ile ndogo ilinisaidia kununua dawa za presha.

Kisha ikaja siku ya bima. Nataka niieleze polepole, kwa sababu ndiyo siku iliyonifanya niandike makala haya.

Wakala alikuja nyumbani na fomu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Aliijaza yeye huku nikimsomea namba ya injini na ya chesisi kutoka kwenye kadi ya pikipiki. Alipofika kwenye kipengele cha matumizi akainua kichwa, akauliza, "Binafsi au biashara, mzee?" Nikamuuliza tofauti yake ni nini. Akasema ya biashara ni ghali zaidi. Nikanyamaza kidogo. Nilijiambia kuwa biashara ni kupakia abiria, na kijana wangu hapakii abiria, anabeba ugali wa mama yake. Nilijiambia kuwa asubuhi pikipiki ni yangu, naenda nayo shambani. Nikasema, "Binafsi." Akaweka alama, nami nikatia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri wa kialimu, chini ya aya mbili ambazo sikuzisoma.

Nimewafundisha watoto wa watu ufahamu kwa miaka yote hiyo. Kila mtihani niliwaambia: soma maagizo kwanza. Siku ile mimi mwenyewe sikusoma.

Nadhani lugha yetu nayo ilinisaidia kukosea. Sisi husema "kukata bima", kama tunavyosema kukata tiketi. Kitenzi hicho kimetuzoeza kuiona bima kuwa kijikaratasi cha kumwonyesha askari wa usalama barabarani ili atupishe. Ukiwauliza vijana kumi kijiweni bima ni nini, wengi watakujibu, "Ni stika." Wakiikata, wameimaliza. Wachache watakuambia kuwa bima ni ahadi baina ya watu wawili, na kwamba ahadi ina masharti.

Neno lenyewe limesafiri mbali hadi kutufikia. Limekuja kwetu kwa njia ya Bara Hindi, na wanaochunguza asili za maneno hulirudisha kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Asili hiyo inanipendeza kwa ukweli wake. Mwenye bima ni mtu aliyekiri hofu yake na kumlipa mwingine ili washirikiane kuibeba. Fidia nalo limetoka katika neno la Kiarabu la kukomboa, kama mtu anavyokombolewa kutoka mikononi mwa aliyemteka. Ama ajali, kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, hasa muda wa mwisho wa uhai wa mtu. Ndiyo maana wahenga walisema ajali haina kinga. Walikusudia kwamba saa ikifika hakuna wa kuizuia. Sisi tumeuchukua usemi huo na kuutumia hata mahali ambapo kinga ipo, inauzwa, na sheria imetuamuru tuwe nayo.

Sheria hiyo ni ya zamani. Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, inakataza chombo cha moto kutembea barabarani bila bima ya kumlinda walau mtu wa tatu. Nilipokuwa kijana, bima kwetu ilikuwa ni jina la shirika moja. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara yote ya bima ikawekwa mikononi mwa umma, hadi milango ilipofunguliwa tena kwa kampuni binafsi katika miaka ya 1990. Leo kampuni ni nyingi, mawakala wako kila kona, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, imeweka utaratibu wa stika za kielektroniki ambazo mtu anaweza kuzihakiki mtandaoni. Hayo yote ni maendeleo. Lakini fomu yangu ilibaki kwa Kiingereza.

Ajali ilitokea mchana wa kiangazi, katika barabara ya vumbi ya kwenda Lwamgasa. Lori lililobeba mawe lilipita na kuacha wingu nyuma yake. Kijana wangu aliingia katika wingu hilo akiwa na hotipoti nne. Ndani ya vumbi kulikuwa na mama mmoja aliyetembea kando ya njia na kapu la michembe kichwani. Kijana alipomwona alikata usukani, lakini hakuweza kumkwepa kabisa. Mama yule alivunjika mkono. Kijana alivunjika paja. Waliofika kwanza walikuta ugali umetawanyika barabarani pamoja na michembe, na wale majeruhi wawili wakiulizana kila mmoja kama mwenzake ni mzima.

Tulikwenda polisi, tukapata fomu za PF3, tukawapeleka hospitali. Mama alitibiwa Geita. Kijana alihitaji kupelekwa Mwanza. Wakati huo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa halijafunguliwa, tukavuka ziwa kwa kivuko, yeye amelala nyuma ya gari la kukodi, mama yake amempakata kichwa, mimi nimesimama kando nikitazama maji. Nilikuwa mtulivu kuliko inavyostahili. Moyoni nilisema: bima ipo.

Hapa ndipo somo la nafsi liliponirudia. Kuna bima watu huiita bima ndogo na kuna wanayoiita bima kubwa. Kubwa hulinda hata chombo chako mwenyewe. Ndogo, ambayo ndiyo niliyokata na ndiyo wengi wanayokata, ni ya mtu wa tatu. Katika mkataba huo nafsi ya kwanza ni mwenye chombo, nafsi ya pili ni kampuni, na nafsi ya tatu ni yule aliyegongwa, ambaye hakuwapo wakati wawili wale walipokuwa wakiandikiana. Bima ndogo ni ahadi ya wale wawili kwa huyo asiyekuwapo. Ahadi ya namna hiyo ni nzuri, na nadhani ni miongoni mwa mambo mazuri ambayo sheria imewahi kutubebesha. Lakini dereva mwenyewe si mtu wa tatu. Akivunjika paja, bima ile haimtambui. Kijana wangu, aliyeendesha kila siku akiitazama stika iliyobandikwa mbele yake, hakuwa na bima ya mguu wake hata ya shilingi moja. Ili mwili wake ulindwe, ilipasa niongeze bima nyingine, ya ajali binafsi. Hilo sikuwahi kuliuliza.

Nikasema basi, angalau mama yule wa michembe atalipwa, maana yeye ndiye hasa nafsi ya tatu. Nikaandika barua ya madai, nikaambatisha ripoti ya polisi, ambamo askari alikuwa ameandika ukweli mtupu: dereva alikuwa akipeleka chakula machimboni kwa malipo.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Aya moja, kwa Kiingereza. Nilikwenda nalo kwa mama lishe, kwa kuwa yeye na mwanawe walikuwa wakilisubiri kuliko mimi. Nikaketi kwenye benchi, nikavaa miwani, nikaanza kumtafsiria.

"Wanasema chombo kilikatiwa bima ya matumizi binafsi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wanasema matumizi binafsi maana yake ni shughuli za kijamii, za nyumbani, na za starehe."

Akaacha kukoroga. "Za nini?"

"Za starehe, mama."

Alitazama ile kreti ya soda, ambayo watu walikuwa wameirudisha ikiwa imepasuka upande mmoja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kuelewa tu, wala hana nia ya kugomba: "Kwa hiyo karatasi inasema mwanangu alikuwa anatembea?"

Sikuwa na jibu. Niliendelea kutafsiri kwa sababu kutafsiri kulikuwa rahisi kuliko kujibu. Kifungu kilichofuata kilisema kwamba bima ya namna hiyo haihusu chombo kinapotumika kwa ujira au kwa malipo. Akaniambia, "Lakini siku ile sikumpa hela, nilikuwa nimwekee wali." Nikamweleza kwamba ujira si lazima uwe fedha. Sahani ya wali anayopewa mtu kwa sababu amefanya kazi ni ujira. Nilipokuwa nikilieleza neno hilo nilijisikia nikiwa darasani tena, nikiwa na hakika kamili ya maana, na nikatamani ningekuwa mjinga wa lugha.

Nilishauriwa nipeleke shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kisheria kwa ajili ya watu wanaoona wamedhulumiwa na kampuni. Ni vizuri wasomaji mjue kwamba ofisi hiyo ipo. Lakini kabla ya kudai kuwa nimedhulumiwa ilinibidi nijiulize kama nimedhulumiwa. Kampuni inapoweka bei mbili haifanyi hivyo kwa uchoyo tu. Pikipiki ya mzee anayekwenda shambani asubuhi hukaa njiani nusu saa. Pikipiki ya kubeba chakula hukaa njiani mchana kutwa, tena kwa haraka, kwa sababu chakula kinapoa na mteja anapiga simu. Hatari zake si sawa, na anayezibeba hutaka malipo yanayolingana nazo. Ndiyo maana huko Uingereza, ambako kanuni nyingi za bima zetu zilitoka, mpeleka chakula kwa gari lake mwenyewe hukumbana na kifungu hicho hicho: bima ya kwenda kazini au kutembelea jamaa haimtoshi siku anapoanza kubeba oda za watu. Hata nchini mwetu rangi ya namba ya chombo imetofautishwa, ya manjano kwa binafsi, nyeupe kwa biashara. Kila upande uliniambia jambo moja, nami nililijua.

Nililijua. Watu wamenifariji mara nyingi kwa kusema, "Mwalimu, mlikuwa hamjui." Kijana mwenyewe alinifariji hivyo akiwa kitandani, mguu umening'inizwa. Nilipokea faraja ile kwa kichwa, sikuikanusha, na kimya kile kimenisumbua kuliko gharama. Wakala aliniuliza kwa Kiswahili safi, binafsi au biashara, na mimi nilitaja jibu la bei nafuu. Kiingereza cha fomu kilificha masharti, lakini swali lenyewe halikufichwa. Nakiri hapa, mbele ya watu wanaoheshimu maneno, kwa kuwa mbele ya kijana sijaweza kukiri kwa ukamilifu. Akisoma makala haya, na najua husoma, ajue.

Mama wa michembe tulimwendea na wazee wawili, kama desturi ilivyo. Niliuza ng'ombe. Alipokea, akasema mkono umeunga ila hauwezi tena kutwanga kwa muda mrefu. Vijana wa kijiweni walichangishana kwa ajili ya mwenzao, kila mmoja kwa uwezo wake, kwa daftari lililopita mkononi kwa mkono. Nililitazama daftari lile nikaona kwamba hofu ya mmoja wameibeba kumi na wanane. Hiyo pia ni bima, na wala hakuna aliyeuliza kama alikuwa kazini au starehe. Upungufu wake ni kwamba huja baada ya msiba na hutegemea mifuko ilivyo wiki hiyo. Ajali ya pili ikitokea mwezi huo huo, daftari hurudi likiwa na majina mengi na shilingi chache.

Kijana anatembea sasa. Mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo, huonekana zaidi anapochoka. Amerudi kazini, na pikipiki ina bima ya biashara, na yeye ana bima ya ajali binafsi ambayo nailipa mimi. Bei yake ya mwaka mzima ilinishangaza kwa udogo ukilinganisha na safari moja ya Mwanza.

Jumapili moja vijana wa kijiwe waliniomba niwasomee karatasi zao. Nikawaambia kila mmoja alete yake. Tukaketi chini ya mwarobaini, nikasoma kifungu kwa kifungu, tukatafuta Kiswahili chake pamoja. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, nami niwaachie wapenzi wa lugha baadhi ya mafundo tuliyoyakuta. Sehemu inayotaja yasiyolipwa tuliiita "yaliyoachwa nje". Kiasi ambacho mwenye chombo hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake, kijana mmoja alikiita "sehemu ya jasho lako", na sikuona sababu ya kumsahihisha. Wajibu wa kusema kweli yote kwenye fomu tuliuita "ukweli usiobakiza". Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Sioni kwa nini hati ambayo kijana wa Katoro hulazimishwa na sheria kuinunua ibaki katika lugha ambayo lazima amtafute mwalimu mstaafu amsomee. Kama wataalamu wa bima hawana maneno, waje kwetu. Washairi na walimu tunayo, na tusiyokuwa nayo tutayatafuta kijiweni.

Kwa kuwa vijana hawawezi kubeba karatasi kichwani, niliwatungia beti tatu wazishike kwa moyo. Ni beti za kazi, mtanisamehe:

Kabla hujakata bima, kabla hujawasha moto,
Uisome mbele, nyuma, maneno yake mazito,
Kubeba wali wa mama, ni kazi, siyo utoto,
Neno usilolisoma, kesho litakuumiza.

Mtu wa tatu ni yule, umgongaye njiani,
Wewe hujatajwa pale, ukilazwa kitandani,
Tafuta na bima ile, ikulindayo mwilini,
Neno usilolisoma, kesho litakuumiza.

Nawe mwenye pikipiki, usidhani umepona,
Kalamu ya unafiki, humuumiza kijana,
Sahihi haifutiki, hata ukijuta sana,
Neno usilolisoma, kesho litakuumiza.

Ubeti wa tatu kijana wangu aliuliza nimeutunga kwa ajili ya nani. Nikamwambia ni kwa matajiri wa bodaboda kwa jumla. Alicheka, akafunga kreti mpya kwa mpira, akaondoka na chakula cha watu. Nilimtazama hadi alipopinda kona ya kwenda Lwamgasa. Nadhani alijua.

Wenye Kiswahili bora cha maneno niliyoyataja, naomba mniandikie. Jumapili ijayo tunakutana tena chini ya mwarobaini, na bado tuna kurasa mbili.